KUZICHUNGUZA FIKIRA ZETU WENYEWE



Mtu aliyepoteza kisu shambani hujua kwamba amekipoteza, akarudi kukitafuta. Mtu aliyepotewa na njia usiku hujua kwamba amepotea, akasimama akaita ili asaidiwe. Lakini mtu aliyekosea katika fikira zake hana dalili hata moja ya kumwonya. Ndani ya nafsi yake kosa na kweli vina sura moja: vyote viwili humwambia, “Ndivyo ilivyo.” Basi akosapo huona kwamba amepata, na kwa kuwa aona hivyo, hatafuti msaada wa mtu ye yote.

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo hilo, yaani jinsi mtu awezavyo kuziangalia fikira zake mwenyewe, akapambanua analolijua hasa, analolidhani tu, na asilolijua kabisa. Mifano yetu miwili mikubwa twaitoa mjini Arusha na juu ya mlima Meru, kwa sababu huko watu wamelazimika kujifunza jambo hili kwa uchungu, wengine katika chumba cha mahakama, na wengine penye baridi ya kileleni.

Wataalamu wa elimu ya nafsi huiita kazi hii metakognisheni, maana yake ni kufikiri juu ya kufikiri. Jina hilo lilienezwa katika miaka ya 1970 na John Flavell, mwalimu wa chuo kikuu cha Stanford katika Marekani. Yeye na wenzake waliwapa watoto vitu vya kukumbuka, wakawaambia wavitazame mpaka wawe na hakika kwamba wameshika vyote. Watoto wakubwa waliposema, “Tuko tayari,” kwa kawaida walikuwa tayari kweli. Wadogo nao walisema, “Tuko tayari,” kumbe sivyo. Walipoulizwa, vitu vingi viliwapotea. Upungufu wa wale wadogo haukuwa katika kukumbuka tu. Hawakuwa na habari ya kwamba hawakukumbuka.

Jina hilo ni geni, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Kiswahili kimeweka ngazi tangu zamani: kuna yakini, kuna dhana, na kuna shaka. Hata katika maongezi ya kila siku twasema “najua”, twasema “nadhani”, twasema “nasikia”, twasema “yasemekana”. Mtu asemaye, “Nasikia bei ya kahawa imepanda,” amekwisha mpa mwenziwe kipimo cha neno lake. Na mwenziwe akikimbilia mnadani na magunia yake, lawama ni yake mwenyewe. Ubaya ni kwamba twayatumia maneno haya ovyo. Twasema “najua” penye dhana, na “nina hakika” penye uvumi wa jana. Na wazee wetu waliposema kwamba nyani haoni kundule, hawakumcheka nyani. Walitufundisha kwamba kila mmoja ana upande wake asioweza kuuona bila kusaidiwa na mwingine.

Sasa twende Arusha. Mwezi wa Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwahukumu walioshitakiwa kwa mauaji ya kimbari yaliyofanyika Rwanda mwaka ule, na katika mwaka 1995 ikakatwa shauri kwamba makao yake yawe Arusha. Mahakama hiyo ilifanya kazi yake katika jumba kubwa la mikutano ya kimataifa katikati ya mji, hata ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Katika miaka hiyo watu 93 walishitakiwa, na mashahidi zaidi ya 3,000 walikuja kueleza waliyoyapata.

Tarehe 2 Septemba 1998 ilitolewa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya mataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Majaji walikuwa watatu: Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden, na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa katika lugha ya mashahidi. Maneno yaliyosemwa kwa Kinyarwanda yaligeuzwa kuwa Kifaransa, kisha yakageuzwa kuwa Kiingereza, kabla ya kuwafikia wote waliokaa kusikiliza. Na wasemaji walikuwa watu walioona mambo ambayo mwanadamu hakuumbiwa kuyaona.

Humo majaji walikutana na shida ambayo sheria peke yake haikuweza kuitatua. Shahidi aliweza kueleza tukio kwa maneno thabiti kabisa, na kumbe tukio lile hakuliona kwa macho yake; aliambiwa na jirani au na ndugu. Hakuwa mwongo. Mtaalamu wa lugha, Mathias Ruzindana, aliwaeleza majaji kwamba penye desturi ya kupokezana habari kwa mdomo, mtu huweza kusimulia jambo kama alijuavyo, awe aliliona mwenyewe au alisimuliwa. Lakini alipoulizwa wazi, “Je, jambo hili uliliona, au uliambiwa?” shahidi aliweza kupambanua. Basi majaji wakalifuata swali hilo tangu mwanzo wa kesi hata mwisho wake, na wala hawakumhesabu mtu kuwa mwongo kwa sababu tu ya kujibu kwa kuzunguka au kushindwa kutaja saa na masafa.

Tena, asije mtu akafikiri kwamba upungufu huu ni wa Wanyarwanda, au wa watu wasiosoma. Mwaka 1974, katika Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu picha ya sinema ya magari yaliyogongana. Wanafunzi hamsini waliulizwa mwendo wa magari “yalipogongana”, na hamsini wengine waliulizwa mwendo wake “yalipopondana”. Baada ya juma moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika sinema ile hapakuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja. Hata hivyo, kati ya wale hamsini wa kwanza 7 walisema walikiona, na kati ya wale walioulizwa kwa neno lile zito 16 walisema walikiona. Neno moja la muulizaji lilikuwa limeingia katika kumbukumbu zao, likakaa humo kana kwamba ni kitu walichokitazama kwa macho.

Ndiyo kusema, kumbukumbu ya mwanadamu huupokea mzigo ikamsahau aliyeuleta. Habari hubaki, lakini njia iliyojia hupotea. Nasi twalifanya jambo hili kila siku pasipo kuapishwa mahakamani. Fikirini shauri la mpaka wa shamba katika miteremko ya milima yetu, ambako ardhi ni ya thamani kuliko fedha, na ambako mstari wa masale ndio ushahidi wa mababu. Wazee wawili wanasimama mbele ya baraza. Mmoja asema, “Mpaka ulipita penye mti ule.” Na mwingine asema, “Sivyo, ulipita penye mfereji.” Wote wawili waapa, na wote wawili waamini wasemayo. Mwenyekiti mwenye busara hatauliza kwanza nani mwongo. Atauliza kila mmoja, “Mzee wangu, masale haya uliyaona yakipandwa, au ulionyeshwa na marehemu baba yako? Na baba yako alikuambia lini, mkiwa mmesimama wapi?” Mara nyingi ugomvi hupungua ukali wake hapo hapo, kwa sababu kila mzee anapata nafasi ya kuona kwamba alichokiita yakini kilikuwa urithi wa maneno.

Mahakama ile ilitufundisha kumuuliza mwingine. Mlima Meru hutufundisha jambo gumu zaidi, maana huko chombo kinachoharibika ndicho chombo hicho hicho tunachokitegemea kutambua uharibifu.

Kilele cha Meru ki juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 4,500. Katika kimo hicho kila pumzi humpa mtu oksijeni kidogo zaidi ya nusu ya ile aipatayo pwani. Wengi huumwa kichwa, hutapika, na kukosa usingizi, na hayo mtu huyasikia mwenyewe. Lakini likizidi, ubongo huanza kuvimba, na hapo mgonjwa hupungukiwa na akili ya kupima mambo. Hulewa pasipo kunywa. Hujikwaa, hukasirika upesi, hukataa kushuka, na ukimwuliza hali yake hujibu, “Mimi ni mzima.” Dawa iliyo bora ni kushuka mara moja, na wengi waliokufa kwa ugonjwa huu milimani walikufa kwa sababu ya kuchelewa kushuka.

Sisi wenyewe tulipata kuupanda mlima huo. Tulitoka Momella, tukalala Miriakamba usiku wa kwanza na Saddle usiku wa pili, na karibu na usiku wa manane tukaondoka na taa zetu kuelekea kileleni. Tulipokwisha pita mahali paitwapo Rhino Point, kiongozi wetu, kijana wa Kimeru mwenye adabu nyingi, alitusimamisha. Akasema, “Shikamoo tena, mzee. Naomba unihesabie kutoka ishirini kurudi nyuma.” Tuliona ni mchezo wa vijana. Tukahesabu upesi upesi, na tulipofika moja tukajisifu. Yule kijana hakucheka. Alisema kwa upole, “Mzee wangu, umeruka kumi na nne, na kumi na moja umeitaja mara mbili.” Tukabisha. Twakiri mbele yenu kwamba tulibisha kwa nguvu, maana masikioni mwetu hesabu ile ilikuwa imekwenda sawasawa. Ndipo alipotwambia tutembee hatua kumi, kisigino mbele ya vidole, juu ya mstari aliouchora kwa fimbo katika majivu ya volkano. Hatua ya nne tukayumba, na ubishi wetu ukaishia hapo. Tulishuka naye mpaka kibandani na hatukuona kilele asubuhi ile. Lakini kila tukumbukapo ile njia nyembamba, na shimo la kreta lililo upande mmoja wake, twamshukuru Mungu kwamba kijana yule hakututegemea sisi kumwambia kama tu wazima.

Tazameni hekima ya desturi ile. Kiongozi hakutuuliza, “Je, akili yako i sawa?” maana swali hilo hujibiwa na akili ile ile iliyoharibika. Alitupa kazi ndogo inayoweza kupimwa kutoka nje. Hili ndilo jambo kubwa katika mazungumzo yetu ya leo. Mtu hawezi kujua ubora wa fikira zake kwa kuziangalia tu kwa ndani na kusikia kwamba zina nguvu. Yampasa kuzipa jaribio ambalo hata akitaka kujidanganya hataweza.

Na jaribio hilo si la mlimani tu. Katika Tanzania mtoto wa Meru mara nyingi hujifunza kusema kwa Kimeru, na mtoto wa Kiarusha kwa Kimaasai. Katika shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili, na akiingia sekondari masomo yake hugeuka kuwa ya Kiingereza. Katika kugeuka huko ndimo mna hatari ya kukariri. Kijana huandika daftari zima kwa mwandiko mzuri, akalisoma jioni mara tatu, maneno yakawa mepesi machoni pake, akadhani kwamba wepesi ule ndio ujuzi. Basi mwambie amweleze bibi yake jikoni, kwa lugha ya nyumbani, jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Akiweza, anajua. Akikwama, hana haja ya kuona haya. Amepata faida, maana amejua mahali hasa alipokwama, na kesho atajua la kumwuliza mwalimu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walitoa habari ya jaribio walilofanya na wanafunzi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma habari fulani. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma, na katika vipindi vitatu vilivyobaki waliiweka karatasi kando wakajaribu kuandika waliyoyakumbuka. Walioendelea kusoma ndio waliokuwa na tumaini kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Juma lilipopita, hao walikumbuka asilimia 40 ya habari, na wale waliojipima walikumbuka asilimia 61. Angalieni vizuri: hakika kubwa ilikuwa upande mmoja, na ujuzi mkubwa ulikuwa upande wa pili.

Pengine msikilizaji mmoja atasema, “Basi mwatufundisha kujitilia shaka katika kila jambo, na mtu wa shaka hapandi wala havuni.” Sivyo. Anayezijua fikira zake hujua pia lini asikubali kunyang’anywa neno lake. Mfano wake ni Erasto Mpemba, aliyesoma baadaye katika chuo cha wanyama pori cha Mweka, karibu na Moshi, jirani ya Arusha. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, alitia maziwa yake ya aiskrimu katika friza yangali moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu yake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Mpemba angeweza kushika moja ya njia mbili mbaya: kusema, “Mwalimu hajui kitu,” au kusema, “Macho yangu hayafai.” Hakushika hata moja. Aliuliza wauza aiskrimu wa Tanga, nao wakamwambia kwamba hutumia mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Baadaye, alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, alichukua vyombo viwili vya maji, cha moto na cha baridi, akavitia katika friza akangoja. Kisha akamwuliza Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea, huku wanafunzi wenziwe wakimcheka. Osborne hakucheka, aliagiza jambo hilo lipimwe, na mwaka 1969 wote wawili walichapisha habari yake. Wataalamu wangali wakishindana mpaka leo juu ya sababu ya jambo lile, na wengine juu ya kama latokea kweli kila mara. Lakini mwenendo wa kijana yule hauna shindano. Alijua alichokiona, alijua asichoweza kukieleza, na hakuvichanganya viwili hivyo.

Wasikilizaji wetu, muda wetu wakaribia kwisha, nasi twapenda kuwaachia desturi nne ndogo. Ya kwanza, kabla ya kusema “najua”, jiulize: niliona, niliambiwa, au nilidhani? Ya pili, kabla ya kuamua jambo kubwa, kama kuuza shamba, kumfukuza mtumishi au kumwoza binti, andika katika karatasi sababu zako na siku uliyoziandika, ili baadaye usije ukajidanganya kwamba ulijua tangu mwanzo. Ya tatu, ukitaka kupima ujuzi wako, funga kitabu ukaueleze. Ya nne, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, mchague mtu mmoja, awe mke, au mume, au rafiki, na umpe ruhusa ungali na akili timamu kwamba akikuona umechoka, au umekasirika, au umelewa sifa, akusimamishe; nawe uahidi mapema kwamba utamsikiliza hata utakapoona kwamba amekosea. Ahadi hiyo haiwezi kufanywa wakati wa hasira, kama vile mpanda mlima asivyoweza kuagana na kiongozi wake akiwa amekwisha kulewa kwa kimo.

Wenyeji wa Arusha wajua kwamba mlima Meru hufunikwa na mawingu siku nyingi, hata mgeni aliyefika jana huweza kukaa sokoni mchana kutwa asijue kwamba mlima u juu ya kichwa chake. Mgeni mwenye busara hasemi, “Hapa hakuna mlima.” Husema, “Sijauona,” kisha akamwuliza mwenyeji.

Kwa herini, na usiku mwema.